Mama Mkwe Nyuma ya Kioo

Levis alikuwa fundi wa vioo, na duniani aliogopa vitu viwili: kisu chake cha kukatia filamu, na mama mkwe wake. Kisu alikizoea baada ya miaka. Mama mkwe hakumzoea, wala mila ya Waluo haikumtaka amzoee. Maro, yaani mama mkwe, ni maro. Ukimwona anakuja kwa njia hii, wewe unakata ile. Akiingia sebuleni, unakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe hujamfunga, hata kama unaishi mjini na ng'ombe huna. Mkono hampeani. Mnasalimiana kwa mbali, macho chini, kila mtu akiuliza habari za mvua. Na kuuona mwili wake, hata goti tu, ni jambo ambalo wazee hawalitaji bila kutaja chira, ile laana inayomkausha mtu akiwa mzima hadi abaki mifupa. Vijana wa siku hizi hujifanya wameyasahau hayo. Levis naye alijifanya, na alijifanya vizuri.

Kazi yake ilianza na tinti za magari pale Migori mjini. Baadaye akaenda Nairobi kujifunza kitu kipya: filamu inayobandikwa kwenye kioo cha dirisha na kuungwa na waya. Ndani yake mna vitone vidogo sana vya fuwele majimaji, ndugu wa zile zilizomo kwenye skrini ya televisheni. Umeme ukipita, fuwele zote hujipanga upande mmoja kama wanafunzi waliomwona mwalimu mkuu, mwanga unapenya, na kioo kinaonyesha kila kitu. Umeme ukikatwa, kila moja inaangalia kwake, mwanga unapotea njia, na kioo kinakuwa cheupe kama maziwa. Wateja karibu wote hukosea hapo, wakidhani umeme ndio unaoleta weupe. Levis alikuwa amewaeleza watu jambo hilo hadi mkewe, Liz, alidai analisikia hata usingizini.

Kule Homa Bay, Daktari Kaltum alikuwa na kliniki ndogo ya wanawake, yenye chumba cha upasuaji na chumba kimoja cha kuwapumzisha waliotoka kupasuliwa. Kati ya chumba hicho cha kupumzikia na korido palikuwa na ukuta wa kioo, na mbele ya kioo meza ya nesi. Daktari alitaka nesi amwone mgonjwa bila kuinuka kila mara. Na mgonjwa anapopimwa au kusafishwa, kioo kigeuke cheupe ili waliokaa koridoni wasione lolote. Levis akabandika filamu, akaweka swichi ndani, akampa nesi rimoti. Daktari naye akaweka sheria: kioo kikiwa cheupe, ujue kuna mhudumu ndani. Usifungue, usigonge, subiri. Wahudumu waliingia kwa mlango wa nyuma, unaotokea chumba cha upasuaji, kwa hiyo aliyekaa koridoni hakuwaona wakiingia wala wakitoka. Aliona weupe, akaheshimu.

Kuna kitu kimoja ambacho Levis hakumwambia daktari. Kwenye simu yake ilibaki programu ya kujaribia kazi, inayowasiliana na kioo kwa Bluetooth. Siku ya kukabidhi kazi ilimpasa aifute, na hakuifuta. Ulikuwa uvivu tu wa fundi, na uvivu wa fundi huwa hauna kelele mpaka umalize kuharibu.

Mama Teresa, ndiye mama mkwe wake, aliletwa kutoka Kisegi kuondolewa uvimbe wa kizazi. Aliyempendekeza Daktari Kaltum alikuwa Levis mwenyewe, akipitisha maneno kwa Liz kama ilivyo adabu. Akawaendesha mpaka Homa Bay, mama mkwe kiti cha nyuma kabisa, leso kichwani, kioo cha dereva kimegeuziwa juu ili macho yasikutane kwa bahati mbaya. Walipofika, nia yake ilikuwa kubaki garini.

"Baba Tony, utakaa kwa gari kama makanga?" Liz akamkemea. "Huyo ni mama yangu anapasuliwa. Ingia ndani."

Akaingia. Akachagua pembe ya benchi iliyoangalia ukuta wenye bango la kunyonyesha, akalisoma bango lile mpaka akawa mtaalamu wa kunyonyesha.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari Kaltum alitoka, barakoa imeshuka kidevuni, akamwambia Liz kwamba mama yuko salama, amechomwa sindano ya mgongo kwa hiyo miguu bado ina ganzi, na saa za kwanza ndizo za kuangaliwa sana. "Sister Beverly anamwona kutoka hapa," akasema, akionyesha kioo. Kilikuwa kinaonyesha, safi kabisa. Levis alisikia fahari ya kazi yake ikimpanda kifuani, na bado hakugeuka.

Kabla daktari hajamaliza maneno, akaingizwa mama mjamzito aliyebebwa na watu, mtoto amekwama. Daktari akamwita Stanley, yule wa dawa ya usingizi, wakatokomea naye thieta na mlango ukafungwa. Koridoni akabaki Beverly peke yake, simu moja sikioni na nyingine inalia.

"Ameamka!" Liz akasema. "Ona, anageuza kichwa!"

Neno ona ni amri, na shingo ya mtu haiulizi mila kabla ya kugeuka. Levis akaona. Mama Teresa alikuwa amelala chali, shuka limeteleza hadi chini ya magoti, gauni la hospitali limekunjika juu. Alikuwa akinyoosha mkono kulivuta shuka na mkono haufiki, miguu yenyewe imekufa ganzi, haimsaidii. Uso wake ulikuwa umegeukia kioo. Alikuwa akimtazama mkwewe.

Levis alisikia masikio yakiwaka moto. Kwa bahati Liz alikuwa ameshainama kutafuta simu mkobani, ili amjulishe dada yake. Kidole gumba cha Levis kikafanya chenyewe. Programu, kitufe, na kioo kikawa cheupe. Alijiambia ni kwa muda kidogo tu, mpaka mtu amfunike yule mama. Ndani ya aibu ile palikuwa na nafuu tamu, kama mtu aliyewahi kumfungia mlango mzee asiaibike.

Beverly akainua macho. "Ah. Stanley ameingia kwa nyuma," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Stanley hakuwa ameingia popote, na koridoni pale mtu mmoja tu alijua hivyo. Alifungua mdomo. Aseme nini? Aseme kwamba amemwona mama mkwe mapaja, mbele ya binti wa huyo mama? Aseme kwamba fundi wa kutoka Migori anaweza kukaa kwenye benchi na kuchezea kioo cha wagonjwa? Anayeweza kufunga anaweza pia kufungua. Kila mwanamke aliyewahi kulala kwenye chumba kile angejiuliza yule fundi alishaona nini, na nani angeamini kwamba hakuwahi kuona kitu? Akafunga mdomo.

Njia ilikuwa rahisi: akifungue. Lakini si akiwa amekaa pale. Akikifungua pale macho yatarudi palepale, na Liz atashangaa Stanley yuko wapi. Akamwambia mkewe anatoka kupunga hewa. Akapita mlango mkubwa, akashuka ngazi, akaenda mpaka kule magari yanakoegeshwa, harufu ya omena inayoanikwa ikipanda kutoka upande wa ziwa. Akageukia ukuta kama mtu anayekojoa, akabonyeza. Alama kwenye simu ikawa kijani.

"Nyasaye, Mungu wangu, asante," akasema kwa sauti.

Sasa Beverly atakuwa anamwona mgonjwa, atakwenda kumfunika, na mambo yamekwisha. Levis akaegemea gari. Akapokea simu ya mteja wa Ogwedhi aliyetaka kujua kama filamu inaweza kubandikwa kwenye dirisha la choo, akamweleza yote, kwa upole, mpaka na ile habari ya kwamba umeme hauleti weupe. Hata hivyo moyo haukutulia. Alimaliza mazungumzo na kukuta jasho limelowesha kola ya shati, na jua lenyewe lilikuwa limefunikwa na mawingu.

Liz akatokeza kwenye ngazi.

"Baba Tony, hii ni kawaida? Stanley amekaa sana huko ndani. Hiyo kioo bado ni white."

"Bado?"

"Bado. Nimeuliza sister, anasema tungoje."

Akaitazama simu. Alama ilikuwa kijani kweli, lakini chini yake, kwa herufi ndogo ambazo fundi hasomi kwa sababu anajua kila kitu, iliandikwa kwamba kifaa kiko mbali, amri itatumwa kitakapopatikana. Bluetooth! Haivuki kuta mbili, sembuse uwanja mzima. Alijua. Angemcheka mwanafunzi wake kwa kosa hilo. Mguu ulianza kabla ya mawazo, akamwacha Liz kwenye ngazi akiita, "Ni nini? Yawa, ni nini?"

Koridoni kioo kilikuwa kimesimama cheupe, kimetulia, kizuri. Beverly alikuwa akiandika.

"Sister, mwangalie yule mama."

"Fundi, wewe ndiye umetuwekea hii kitu, na unajua sheria. Stanley yuko naye."

"Lakini imekuwa muda."

"Angekuwa na shida angebonyeza kengele. Nimemwekea mkononi." Alisema hivyo kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwatuliza jamaa za wagonjwa, na kwa kitambo kidogo sauti ile ilimtuliza hata Levis. Alitaka sana iwe kweli. Kengele haikulia, basi mama yuko sawa, amelala tu. Angeweza kukaa kwenye benchi akasubiri, na dunia ikaendelea kutokujua. Simu ikatetemeka mkononi mwake. Ilikuwa imefika karibu, na ile amri iliyokwama ikapita.

Kioo kikaonyesha.

Mama Teresa alikuwa amelaza kichwa upande, midomo ina rangi ya majivu. Mkono mmoja ulining'inia nje ya kitanda. Shuka lilikuwa palepale kwenye magoti, na godoro chini yake lilikuwa limelowa damu kiasi kwamba ilikuwa inadondoka sakafuni. Safari hii Levis hakugeuza macho. Alitazama kifua cha mama mkwe wake waziwazi, akitafuta kama kinapanda.

Beverly alipiga kelele jina la Stanley huku anakimbia. Liz alikuwa ameshafika, alipiga ukuta wa kioo kwa viganja viwili akiita "Mama! Mama!" kama mtoto. Mlango wa thieta ukafunguka na Stanley akatoka, glavu zote mbili mkononi, akishangaa.

"Si ulikuwa ndani na yeye?" Beverly akamuuliza kutoka mlangoni.

"Ndani wapi? Niko thieta na huyu mwingine. Mtoto ndio ametoka sasa hivi."

"Sasa nani alifunga kioo?"

Daktari Kaltum alishafika kitandani, ngumi yake ikikandamiza tumbo la mgonjwa, akitoa amri za drip na damu. Aliuliza bila kuinua kichwa: "Pressure ya mwisho mlipima lini? Kioo kimefungwa tangu lini? Nijue amevuja kwa muda gani!"

"Labda stima ilipotea kidogo," Beverly akasema, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Ikipotea inakuwa white, fundi alitwambia."

Hapo Levis alikuwa amepewa mlango wa kutokea, umefunguliwa kabisa. Stima ya Homa Bay imebeba lawama nyingi, hii moja isingeilemea. Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Lakini stima ikipotea kidogo, damu nayo imevuja kidogo, na daktari angetibu kidogo.

"Ni mimi," Levis akasema. Hakusikika. Akasema tena, kwa nguvu kiasi cha kujishtua. "Ni mimi nilifunga! Kwa simu. Tangu mlipoingia na yule wa kujifungua. Mlango wenu ulipofungwa tu, nikafunga. Hakuna mtu ameingia hapo tangu wakati huo."

Daktari Kaltum alimtazama mara moja tu. "Stanley, arudishwe thieta. Sasa hivi. Leteni damu yote tuliyo nayo."

Wakamsukuma mama, mlango ukafungwa, na chumba kikabaki kitupu, kinaonekana hadi pembeni kabisa.

Muda uliofuata sitaki kuuremba. Liz hakumtukana mumewe. Alikaa mwisho mwingine wa benchi, mkoba mapajani, na kila Levis alipotaka kusogea alisema "Kaa huko," bila hasira, kama mtu anayemwambia mgeni. Levis alimwomba Mungu wa kanisani, kisha, akiona huyo anakawia, akamwomba na yule wa babu zake. Aliwaza chira akatamani imshike yeye, akauke yeye, mama apone. Aliwaza matanga kule Kisegi, yeye akisimama mbele ya shemeji zake, na mtu akiuliza marehemu alikufaje. Beverly alikuwa amekaa mezani, rimoti mbele yake, haigusi.

Daktari Kaltum alipotoka, alienda kwanza kwa Liz. "Yupo," akasema. "Mshipa uliachia ndani. Tumeufunga. Amepoteza damu nyingi, lakini yupo."

Liz akalia kwa sauti, na Levis akagundua kwamba yeye amepiga magoti, hakumbuki saa ngapi.

"Inuka," daktari akamwambia. "Kwa nini ulifunga?"

"Alikuwa hajafunikwa, Daktari. Na mimi ni mkwe."

Daktari alikuwa ameishi na Waluo miaka mingi, hakuhitaji tafsiri. "Mficha uchi hazai, wazee husema. Wewe umeficha uchi wa mwenzio, karibu umzike." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu. Futa hapa nikiona. Na huko Migori, simu hii bado inafungua vioo vya nani?"

"Hoteli moja. Na ofisi ya wakili."

"Wapigie uwaambie. Hapa, mbele yangu, kabla hujanywa hata maji."

Akawapigia. Yule wa hoteli alimtukana kwa lugha tatu, na Levis akasema ndiyo kwa zote.

Kesho yake mchana, mama Teresa alikuwa ameketishwa kwa mito, drip mkononi, sauti imerudi ingawa nyembamba. Liz alitoka akasimama mbele ya mumewe aliyekuwa kwenye benchi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu jana. "Anakuita."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Amesema uingie."

Levis akaingia kinyumenyume, hivyo ndivyo alivyoweza, akasimama karibu na mlango akiuangalia ukuta. Chumba kilinuka dawa na uji.

"Wuon Tony," mama mkwe akasema nyuma yake.

"Mama."

"Mvua imenyesha huko Migori?"

"Kidogo, Mama."

"Vizuri." Akapumzika, maneno yalikuwa yanamchosha. "Jana niliona simu yako. Niliona umebonyeza, halafu pakawa peupe. Nikasema ero kamano Nyasaye, asante Mungu, binti yangu ameolewa na mtu ana adabu. Nilifurahi sana."

Levis akaanza kulia, uso bado ukutani. "Mama, nisamehe. Nilikuwa nikuue."

"Ngoja, sijamaliza. Baadaye nikaanza kusikia baridi. Kichwa kinazunguka. Nikagusa godoro chini yangu, mkono ukarudi na damu. Kengele nilikuwa nayo hapa."

"Mama!" Liz akasema. "Na hukubonyeza?"

"Ningebonyeza, huyo nesi angefungua kioo kwanza aniangalie. Ndivyo anafanya, nilishamwona." Akavuta pumzi. "Na huyu mume wako bado angekuwa amekaa hapo nje. Nikasema wacha ningoje aende. Nikangoja."

Koridoni simu ililia na ikapokewa. Liz alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Levis alifikiria ule uwanja wa magari, na yule mteja wa Ogwedhi, na jinsi alivyoongea taratibu wakati yeye alikuwa ameshaondoka na mama bado anamngoja aondoke.

"Sasa geuka," mama Teresa akasema. "Wacha tuache ujinga. Umeshaniona, hakuna kitu imebaki. Geuka unisalimie kama watu."

Levis akapangusa uso kwa mkono wa shati. Ilimchukua kitambo. Akageuka, akainua macho kwa nguvu zake zote, na kukuta mama mkwe wake amejivutia leso mpaka juu ya kichwa, uso mzima umefunikwa. Kilichobaki nje ni mkono mmoja mwembamba, umeishika kengele, kidole gumba kiko juu ya kitufe.